Barua kutoka Masii

Shemeji,

Machakos tumepokewa vizuri, na muthokoi tumeula hadi mkanda ukaomba radhi.

Uliniagiza nione kama kanola yenu ya Timau ingeota huku bila plau. Mimi siioni. Mbegu ndogo vile hufukiwa sentimita mbili hivi, na huku udongo wa juu hukauka mvua ikikatika siku chache tu. Lakini nimeona wanavyootesha ndengu na mahindi kwenye shamba lisilotifuliwa, na hayo yatakufaa.

Mwenyeji wetu hapa Masii hapindui udongo. Hufunga ripa kwa maksai wawili, akapasua mistari myembamba ya kupandia. Kati ya mistari hapaguswi. Kazi hiyo huifanya Septemba, ardhi ikiwa kavu, ili mvua ya vuli ya Oktoba izame mle mle.

Kinachomsumbua ni ukoko. Udongo huu mwekundu ukipigwa na matone makubwa kisha jua likawaka, juu hujifunga kama chungu kilichofunikwa, mche ukapinda na kufia chini. Mahindi yana ncha, hutoboa. Ndengu huinuka na vipande viwili vya mbegu yake kichwani, ndiyo huumia zaidi. Palipotandazwa mabua, tone halipigi udongo moja kwa moja, na hapo nimeona mistari imejaa bila mapengo.

Sasa hayo mabua ndiyo kasheshe! Baada ya mavuno ng'ombe hula, mchwa humalizia. Nikauliza, si mzuie mifugo? Mzee akacheka, akanikumbusha Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka 1938 kupinga mkoloni kuwapunguzia ng'ombe, eti kuokoa udongo. Nikanyamaza. Ila kwa maoni yangu, kinachokwamisha kilimo hifadhi Ukambani ni malisho, wala si ukosefu wa mashine.

Yeye amepata njia: mbaazi katikati ya mahindi. Mahindi yakishavunwa, mbaazi bado imesimama, kwa hiyo ng'ombe hawafunguliwi humo, na majani yake hudondoka yakatandika ardhi yenyewe.

Kesho tutapita Katumani, kwenye kile kituo cha utafiti kilichotoa mahindi yanayokomaa upesi, niulizie mbegu ya mbaazi isiyochelewa. Usiniagizie, baridi ya Timau haitaipenda. Msalimie dada.

Shemeji yako