Rika la Madaktari

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Bibi yako miguu bado inamsumbua, na ameniagiza nikuulize kama unakula vizuri huko bwenini.

Unasema mhadhiri ametaja "utafiti wa kohoti" mara kumi nawe umeandika mara kumi bila kuelewa. Kohoti ni rika. Walioingia jando pamoja huhesabiwa pamoja hadi uzeeni: nani kaoa, nani kasafiri, nani katangulia. Mtafiti naye hukusanya watu ambao bado hawajapata ugonjwa anaouchunguza, akaandika nani anaishi vipi, kisha akangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe.

Chukua mfano. Mwaka 1950, watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha matokeo ya kuwahoji wagonjwa wa hospitali za London: wenye saratani ya mapafu karibu wote walikuwa wavutaji. Lakini mgonjwa hutafuta mchawi. Ukimuuliza alivuta sigara ngapi, atakujibu kwa uchungu wa kitandani. Basi mwaka 1951 wakawaandikia madaktari wa Uingereza, wakiwauliza maswali machache tu kuhusu uvutaji. Zaidi ya 40,000 walijibu. Siku ile ya kujaza fomu hakuna aliyejua nani atakufa kwa maradhi gani, na nguvu ya kohoti ndiyo hiyo: jibu lilikwisha kuandikwa kabla ya kifo kuja. Kufikia 1954, wanaume 36 wa miaka 35 na zaidi walikuwa wamekufa kwa saratani ya mapafu. Wote 36 walikuwa wavutaji.

Kwa nini madaktari? Kwa sababu daktari ana jina kwenye daftari la usajili. Hata akihama, anapatikana. Mimi ujanani niliwahi kuhoji watu nyumba kwa nyumba. Mzunguko wa pili nikakuta milango imefungwa, jirani akaniambia, "Hao wamehamia Dar." Msimamizi wetu aliwakata kwa kalamu nyekundu, yakaisha. Sasa fikiria, kama walihama kwa kuwa mmoja wao alikuwa mgonjwa, amepelekwa kwa ndugu akauguzwe? Wagonjwa wetu tuliwafuta wenyewe. Kwa hiyo kila ukisoma kohoti, uliza kwanza wangapi walipotea, na walipotelea wapi.

Halafu kumbuka baraza yetu. Wazee pale hunywa kahawa chungu, na wengi wao huvuta. Ukihesabu vikombe peke yake, kahawa itafungwa kwa kosa la sigara. Dawa yake ni kuwalinganisha wanywaji wasiovuta na wasiokunywa wasiovuta. Hili likikukaa, nusu ya mtihani umeshaupita.

Wale madaktari walifuatwa miaka 50. Ripoti ya 2004 ilionyesha kwamba wavutaji wa kudumu walikufa, kwa wastani, miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliikwepa karibu hasara yote. Aliyeacha akiwa na 60 aliokoa kama miaka 3.

Mimi niliacha nikiwa na 60 kamili, mwaka jana. Najua wastani si ahadi kwa mtu mmoja. Lakini mahafali yako ni mwakani, basi niwekee kiti cha mbele.

Mjomba wako