Papa, Nitakula Wapi?

Mwaka 2019, siku mbili mbele ya binti yangu kupanda gari kwenda kusoma Bukavu, tulikuwa tunafunga mizigo yake hapa Kamituga: godoro, sufuria mbili, bidoni ya mawese, mfuko wa unga wa mihogo. Mama yake alikuwa anamwonya juu ya baridi na juu ya vijana. Yeye akanigeukia mimi, akauliza: « Papa, nitakula wapi? »

Nikamjibu upesi: « Utapika wewe mwenyewe. » Lakini usiku ule usingizi ulinikatalia. Swali lile nililiuliza mimi pia zamani, na jibu lake lilimgharimu baba yangu kitu ambacho sikuweza kumrudishia. Kesho yake nikamkalisha binti yangu chini, nikamweleza yote. Leo ninawaeleza ninyi pia, wazazi na vijana wa mashimoni. Kila mwaka watoto wetu wanapanda malori kwenda mjini, na sisi tunahesabu minerval, nyumba na gari. Tumbo tunalisahau. Kumbe tumbo ndilo linalokula minerval.

Mimi nilifika Bukavu mwaka 1991, kusoma ISP. Kutoka Kamituga ni kilometa 180 hivi, kwa njia ya Mwenga, Burhale na Walungu, lakini kwa sababu ya matope tulilala njiani mara tatu. Bukavu ilikuwa inageuka kuwa mji wa masomo makubwa. Universite Katolika ilikuwa imefunguliwa mwaka 1989, universite ya Waprotestanti, UEA, ilianza mwaka uleule wa 1991, na mwaka 1993 likaongezeka tawi la Universite ya Kisangani, ambalo siku hizi ni Universite Rasmi ya Bukavu. Wanafunzi walitoka Shabunda, Uvira, Goma na Maniema. Na Bukavu ni milima tupu: unashuka kwenda masomoni, unapanda kurudi, na upepo wa ziwa unakupiga. Mtoto wa Kamituga aliyezoea joto la pori anasikia njaa mara mbili.

Basi, mwanafunzi alikula wapi? Asubuhi, kando ya barabara upande wa Nyawera, wamama walikuwa wanakaanga mandazi na kuuza chai ya moto ao uji. Ukiwa na feza kidogo, unashiba mpaka saa nne. Saa sita ilikuwa saa ya malewa. Malewa ni kijumba cha mbao na mabati, chenye benchi mbili, mbabula tatu, na mama mmoja anayejua kila mtu. Kadutu, kuzunguka soko kubwa, zilikuwa nyingi. Unapata bugali, sombe ao lengalenga, maharagi, na sambaza wa kukaanga. Siku nyingine ulipata mashanza, yale maziwa ya kugandisha ya Wabashi, ambayo wengine wanakula na bugali. Wazee wa vilimani walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Na usiku ukifika, nganda zilifungua muziki: mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma, na Primus ya baridi iliyopikwa palepale Bukavu. Kuhusu Hôtel Résidence, pale avenue Lumumba, sisi tulipita mbele yake tu, tukitazama wenye kuingia.

Mimi nilichagua malewa moja ya Kadutu, karibu na chumba nilichopanga. Mama mwenyewe alikuwa mjane wa makamo, mwenye maneno machache. Alikuwa na kayé ya shule ambamo aliandika madeni. Siku ya kwanza ya kukopa niliona jambo la ajabu: hakuandika feza. Alichora mstari mmoja mbele ya jina langu, basi. Nikamwuliza: « Mama, unaandika namna gani bila bei? »

Akacheka kidogo. « Feza inaoza, mutoto yangu. Sahani haiozi. »

Wenye kukumbuka miaka ile watamwelewa. Zaire ilikuwa inaanguka kila juma. Noti zilipata sifuri mpaka tukafikia ile ya 5.000.000, na Oktoba 1993 serikali ikatoa zaire mpya, moja kwa 3.000.000 za zamani. Kama mama angeandika bei ya Jumatatu na kulipwa Jumamosi, hangeweza kununua unga uleule. Kwa hiyo aliandika sahani. Ukikopa sahani moja, unalipa sahani moja kwa bei ya siku unayolipa. Mwalimu wetu wa uchumi alifundisha jambo lile kwa masomo mawili. Yeye alilifundisha kwa kalamu ya risasi.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa mashimo. Tangu bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, kazi ya migodi ya Kivu na Maniema ilikuwa imelegea, na mshahara uliyeyuka mkononi. Hata hivyo alinitumia feza. Aliwapa wasafiri, iliyofungwa katika kitambaa, na barua fupi: ya minerval, ya kula, usisahau kusali. Ilifika. Neno hili lazima niliseme wazi: ilifika.

Lakini wenzangu walikuwa wamenipa jina. Walisikia natoka Kamituga, wakaniita « Patron wa zahabu ». Mwanzo nilicheka. Kiisha nikapenda. Usiku ambao kitambaa cha papa kilifika, patron aliwalipia watu wanne mishikaki na Primus, kule nganda. Siku tatu nilikuwa mtu mkubwa. Siku ya nne nilirudi kwenye malewa na uso wa huruma: « Mama, kula ya leo utaniandikia. » Na mama akachora mstari. Vilevile wiki iliyofuata. Vilevile mwezi uliofuata.

Aprili 1993, saa sita, nilikuwa nimeshika kijiko nilipoona mtu amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa papa. Hakuwa ametuma habari. Alikuwa anakohoa kikohozi kikavu cha vumbi la mashimo, na muganga wa Kamituga alikuwa amemwambia aende Bukavu kupigwa picha ya kifua. Aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya picha ile. Aliulizia chumba changu, majirani wakamwelekeza hapa.

Akasalimia wote. Akaketi. Akaagiza sahani moja, si mbili. Tukanawa, tukala pamoja kama zamani nyumbani, na niliona anavyonisukumia sambaza upande wangu pole pole, akifikiri sioni. Tulipomaliza akamwuliza mama:

« Mama, mutoto wangu iko na deni ngapi hapa? »

Mama alinitazama kwanza. Kiisha akafungua kayé. « Sahani makumi ine na tatu, papa. »

Papa akanyamaza. « Ile feza ninamutumiaka, haifikake? »

Nilitazama chini. Mama alijua. Kadutu nzima ilijua patron wa zahabu anakunywa wapi. Lakini aligeuka kwenye mbabula, akakoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa, akasema: « Bei ya bintu inapanda kila siku, papa. Batoto banateseka. »

Papa akatoa kitambaa chake. Akahesabu sahani 43 kwa bei ya siku ile, noti juu ya noti. Kitambaa kikabaki chembamba sana. Tulipotoka nje akanipa feza ya chai, akaniambia atapanda lori la kesho.

« Na kifua, papa? »

« Kifua kimezoea. »

Alirudi Kamituga bila picha. Alikuja kupigwa mwaka uliofuata, 1994. Aliishi mpaka 2003, lakini pumzi yake ilikuwa fupi, na kazi ya shimo hakuiweza tena. Sitasema kwamba miezi ile ingemponya; sijui. Ninachojua ni kwamba nilikula picha ya kifua cha baba yangu, na niliila kwa mishikaki.

Kesho yake nilikwenda kwa mama kuomba radhi. Akanikata neno: « Jana nimeficha. Lakini si wewe nimeficha. Nimeficha aibu ya papa yako. Sasa, unajuaka kuandika muzuri? Basi utakuya kila asubui saa kumi na moja, uniandikie kayé. »

Karibu miaka miwili niliandika kayé ile. Hapo ndipo niliposoma universite yangu ya pili. Nilijua mama anaamka saa tisa ya usiku kuwasha makala. Nilimsindikiza mara nyingi ziwani kungoja wavuvi. Mitumbwi yao mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na usiku wanavua kwa taa. Asubuhi wanarudi wakiimba. Nilijifunza kwamba sambaza hawakuwa wa ziwa Kivu: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na leo watoto wa Bukavu wanakua kwa samaki wale. Nilijifunza pia kwamba mwezi ukiwa mkubwa samaki hawafuati taa vizuri, wanavuliwa wachache, na bei inapanda. Zamani nilipoona sambaza wachache kwenye sahani nilinung'unika kwamba mama ni mchoyo. Kumbe ulikuwa mwezi.

Na nilijua hesabu yake. Ukitoa unga, makala, mafuta, maji ya kununua na ushuru wa soko, kwa sahani nne alibaki na faida ya moja. Mwanafunzi mmoja akikimbia na sahani 43, amekula faida ya sahani 172. Watoto wake watatu walikuwa wanasoma kwa faida ile. Nilipoandika hesabu hiyo mara ya kwanza niliifunga kayé, nikatoka nje kidogo.

Nilimaliza masomo 1995. Oktoba 1996 vita ilifika Bukavu, watu wakatawanyika. Niliporudi miaka mitatu nyuma yake, mahali pa malewa palikuwa na duka la nguo, na hakuna jirani aliyejua mama amekwenda wapi.

Hayo yote nilimweleza binti yangu. Kiisha nikamwambia mambo manne, na ninyi mnaweza kuyasoma na watoto wenu mezani.

La kwanza: kula ya siku ilipwe mbele ya kinywaji cha usiku. Feza ikifika, gawa siku ileile: minerval, nyumba, unga. Kinachobaki ndicho chako.

La pili: ungana na wenzako. Wanafunzi watatu ao wane wenye sufuria moja wanakula vizuri kuliko mmoja mwenye malewa tatu. Kama likelemba: huyu ananunua unga, yule makala, yule maharagi, na zamu zinageuka.

La tatu: ukienda malewa, tazama mikono na maji. Kama sahani zote zinaoshwa katika beseni moja toka asubuhi, pita. Na maji ya kunywa yachemshwe. Kipindupindu hakiulizi diploma.

La ine: ukikopa, sema ukweli nyumbani. Mzazi anaweza kubeba deni. Asiloweza kubeba ni deni asilolijua.

Binti yangu alinisikiliza, akauliza neno moja tu: « Tate alijua, papa? » Alitaka kujua kama babu yake alifahamu habari ya nganda. Nilimwambia sikupata kumweleza. Nilingoja siku nzuri, na siku nzuri haikufika.

Alisoma, akamaliza. Mdogo wake naye akaenda. Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu na benki zikafunga milango, wazazi wengi tulibaki na feza kidogo mkononi bila njia ya kuituma. Kijana alinipigia telefone usiku. Sauti ilikuwa ya chini.

« Papa, niseme ukweli? Tunakula kwa kayé. Kwa mama mumoja wa Kadutu. »

« Toka lini? »

« Siku kumi na moja. »

Nilikaa kitambo. Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka kwamba mimi sikuwahi kumwambia papa neno lile, « niseme ukweli? »

« Anaandika feza ao sahani? » nikamwuliza.

« Anaandika jina yangu na anatia mistari. »

« Basi kesho umwambie afute jina lako. Aandike la kwangu. »