Kamera zetu zinamjua fahali, mpiga ngoma hazimjui

Nitasema kitu ambacho wasee wengi wa kamera hapa Kakamega hawatakipenda: mchezo wa mafahali hauko hatarini hata kidogo. Kilicho hatarini ni ngoma inayomleta fahali uwanjani, na sisi wenye simu na droni tunasaidia kuizika.

Kwa wale hamjawahi kufika huku, wacha niwaelezee haraka. Kwa Waisukha na Waidakho, fahali hupigana na fahali mwenzake. Usifikirie mambo ya Uhispania, mtu na upanga. Hapa mafahali wawili wanagonganisha vichwa, wanasukumana, na yule anayegeuka akakimbia ameshindwa. Basi. Watu wanaamka mapema, Khayega, Shinyalu, Malinya, ili mambo yaishe kabla jua halijawa kali. Mwenye fahali anarudi nyumbani na jina au na aibu. Hata seneta wetu Boni Khalwale, lile jina lake la Bullfighter limetoka huko huko.

Lakini fahali hafiki uwanjani peke yake. Analetwa. Anatembezwa kutoka bomani akizungukwa na watu wenye matawi na filimbi, na katikati ya watu hao kuna isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala, njuga za chuma, na kiongozi anayerusha mstari wengine wakiitikia. Kwa sikio la mgeni ni kelele. Ukiielewa lugha, ni kama gazeti la kijiji. Unasikia fahali ni wa nani, ukoo gani unajivuna, na nani anachokozwa.

Isukuti hiyo hiyo inapigwa mtoto akizaliwa, kwenye harusi, kwenye matanga. Mwaka wa 2014 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Tunapenda kujisifu na hiyo habari, lakini hebu isome tena. Hiyo si orodha ya pongezi, ni orodha ya wagonjwa mahututi. Sababu zilitajwa wazi: wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, pesa na vifaa vya kutengeneza ala ni shida, na watunzi wanakimbilia muziki unaolipa.

Sasa fungua TikTok utafute mafahali wa Kakamega. Utapata nini? Sekunde kumi na tano za pembe kugongana, vumbi, watu wakitimua mbio. Na juu yake, amapiano. Sauti yote ya uwanja imezimwa! Sina ubaya na amapiano, naicheza vizuri sana. Lakini mtoto wa Kiisukha aliyezaliwa Nairobi anamwona fahali wa kwao akipigana kwa mdundo wa Afrika Kusini, na hana njia ya kujua kwamba palikuwa na wimbo wake hapo.

Jumamosi moja Khayega nilimwona jamaa mwenye kamera kali kuliko yangu akiwaambia wapiga ngoma wasogee kando, eti wanaziba. Wakasogea. Mzee wa ngoma kubwa akaishia nyuma ya umati, anapigia migongo ya watu. Nilienda kumsalimia. Akaniuliza, "Mjukuu, kwani siku hizi ngoma inasumbua?" Nikamuuliza nani ataishika baada yake. Akasema ana vijana watatu, wawili wako Nairobi, na wa tatu anaendesha boda hapa hapa, "lakini masikio ameziba na vile vitu vyenu."

Shida ni kwamba sherehe inaangalia kamera. Mwenye fahali anaona ni klipu gani inasambaa, na mwandaaji anaona pia. Nimeshaona fahali akishushwa kwenye lori, spika zinanguruma, mpiga ngoma hakuna hata mmoja. Na hakuna aliyelalamika, manake kwenye video hiyo ngoma haikuwepo tangu zamani.

Najua mtaniambia: mila hubadilika, acha kulia. Kweli, hubadilika. Isukuti yenyewe imehama sana. Iko kanisani, iko kwenye kampeni za wanasiasa, na AFC Leopards wakicheza iko jukwaani na mashabiki wa Ingwe. Hayo ni mabadiliko yaliyoletwa na wenyewe, kwa raha zao. Ni tofauti kabisa na kusogezwa kando na mgeni ambaye saa sita ameshapanda matatu akaenda zake.

Mtaniambia pia kwamba pembe ndizo zinalipa. Hapo sibishani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na kamera ndiyo inalipa nyumba. Kwa hivyo siwezi kukwambia uache klipu ya pembe. Ichukue, ule. Ninachoomba ni vitu vitatu.

Kwanza, anza kurekodi bomani, si uwanjani, na uache sauti ilivyo. Pili, ukimaliza mfuate kiongozi wa wimbo, muulize alikuwa anasema nini, andika maana yake chini ya video, na umtaje kama amekubali. Tatu, ukilipia mafuta ya boda na chapati yako, lipa na ngoma. Kama huna cha kulipa, mpelekee mzee nakala ya video kwa simu ya mjukuu wake. Ni yake.

Video yangu ndefu kuliko zote ni ya dakika 22: ngoma, vumbi na miguu, kutoka bomani hadi uwanjani. Ukiilinganisha na zile za pembe, walioitazama ni wachache mno. Lakini ndiyo watu wanayoniomba. Juzi familia moja ilitaka niwatumie waicheze kwa spika kwenye matanga ya babu yao, kwa sababu hawakupata wapigaji.

Ombi hilo lilinifurahisha kwa dakika moja, kisha likaniogopesha. Kama kazi yangu itakuwa ni kuweka sauti ya ngoma kwenye simu ili asihitajike mtu wa kuipiga, basi nami nitakuwa mmoja wa wachimba kaburi. Niliwatumia video. Chini yake nikaandika namba ya mzee wa Khayega, na nikawaambia wampigie kwanza.