Soli Nyembamba Katika Njia za Mollo

Baridi ya mwezi wa Juni huko Ufipa si ya kutaniwa. Tuliposhuka kwenye basi pale Sumbawanga jioni, tulikuwa tumejifunga vitenge viwili viwili, na bado meno yaligongana. Mji huo uko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Tulikuwa akina mama watatu wa ukoo mmoja, tukienda kumsalimu shangazi yetu anayeishi Mollo, mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga. Katika mizigo yetu, pamoja na sukari, chumvi na sabuni, kulikuwa na jozi mbili za viatu vya ajabu.

Viatu hivyo tuliletewa na binti wa mmoja wetu anayefanya kazi Ulaya. Soli yake ni nyembamba, milimita chache tu. Kisigino hakikuinuliwa, sehemu ya mbele ni pana ili vidole vitanuke, na kiatu chote unaweza kukikunja kama chapati. Binti alitueleza kwamba huko aliko wapo watu wanaovivaa kila siku, kazini na matembezini, wakitaka mguu ufanye kazi kana kwamba uko peku. Unyayo na kifundo vina mifupa 26, alisema, na kiatu kigumu huifunga isijinyooshe.

Tukakubaliana kuvijaribu kwa siku saba za ziara yetu. Wawili tungevaa. Dada yetu mkubwa hakuruhusiwa, kwa sababu ana ugonjwa wa sukari, na kliniki walimwagiza avae viatu vya kufunika mguu vyenye soli imara. Alikubali, ingawa alinuna kidogo.

Kicheko cha shangazi

Tulipomaliza kuamkia na kunywa uji, tulimwonyesha shangazi viatu vyetu. Alikishika kimoja, akakikunja, akachungulia ndani, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

“Wanangu,” alisema, “sisi tulihangaika kutafuta fedha ya kununua soli nene. Ninyi mmetoa fedha kununua nyembamba!”

Usiku ule, tukiota moto jikoni, alitusimulia habari za miguu yake. Alikua akitembea pekupeku, na kila kipupwe visigino vilipasuka magaga mpaka vikatoa damu. Alipopata jozi ya kwanza ya viatu, vilikuwa vya Jumapili tu. Alivibeba mkononi njia nzima, akanawa miguu kijitoni karibu na kanisa, ndipo akavivaa. Baadaye zikaja katambuga, zile ndala zinazokatwa kwenye tairi kuukuu la gari na kupigiliwa mikanda kwa misumari. Alizivaa akiteremka Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mkali unaotenganisha uwanda wa Ufipa na bonde la Rukwa, kwenda kutafuta samaki. Ziwa Rukwa liko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo waliteremka karibu mita elfu moja, kisha wakapanda tena na mzigo kichwani.

“Katambuga iliniokoa,” alisema. “Haikubana vidole, wala haikunipa kisigino cha kuniangusha. Lakini msinisifie pekupeku. Mimi sikuichagua.”

Tulinyamaza. Maneno hayo hayakututoka siku zote tulizokaa naye.

Miguu yajifunza upya

Siku ya kwanza tulitembea uani na kwenda kisimani tu. Ajabu ilikuwa jinsi tulivyohisi kila kitu: kokoto, ubaridi wa udongo, tofauti ya njia iliyokanyagwa na shamba lililolimwa. Bila kufundishwa na mtu tulianza kupiga hatua fupi na kuacha kugongesha kisigino chini, maana kiligonga na kuuma.

Siku ya pili tulimsindikiza shangazi shambani. Huko Ufipa utaona matuta ya mviringo yanayoitwa ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi huzikwa chini ya udongo wa tuta zioze ziwe mbolea. Kupita kati ya matuta hayo kwa soli nyembamba kulikuwa raha, kwani mguu ulijikunja kufuata ardhi. Lakini tulipoingia palipovunwa mahindi, vishina vya mabua vilivyokatwa vilichongoka kama misumari. Hapo tulitembea kwa adabu. Umande nao ulipenya, na vidole vikafa ganzi kwa baridi.

Siku ya tatu tulijiona mabingwa. Tukaenda vilima vya nyasi kwa matembezi ya saa mbili na zaidi. Kesho yake hatukuweza kuinuka. Mashavu ya miguu yalikaza kama mti, na tukawa tunashuka kizingiti kwa kushika ukuta, huku shangazi mwenye mvi akitupita na ndoo yake. Haraka haraka haina baraka.

Yaliyotupata yanajulikana. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, wakimbiaji 36 walifuatiliwa kwa wiki 10, na kundi moja lilihamia polepole kwenye viatu vya aina hii. Zaidi ya nusu ya kundi hilo walionyesha dalili za mifupa ya mguu kuelemewa. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, yenye viatu vya vidole vitano, ilikubali kutenga dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliosema matangazo yake yaliahidi faida za afya zisizothibitishwa. Kampuni haikukiri kosa.

Wapenzi wa viatu hivi hupenda kumtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ni kweli, na tunajivunia. Lakini mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hiyo akiwa amevaa viatu.

Jioni ya siku ya tano

Siku ya tano bado tulikuwa tukijinyoosha miguu. Dada mkubwa akatuchekea, akachukua jozi moja na kwenda dukani kununua mafuta ya taa. Alirudi amefurahi. “Vyepesi kama soksi,” alisema. “Mlininyima bure.” Nasi tukacheka naye.

Jioni shangazi alileta beseni la maji ya moto, kama alivyofanya kila siku, ili tuoshane miguu kabla ya kulala. Tulipoinua mguu wa kulia wa dada, tuliona doa jeusi chini ya kidole gumba, na damu iliyokauka. Ulikuwa mwiba uliokatikia ndani. Tulipokitazama kiatu, tuliona tundu kwenye soli.

“Hukusikia?” tulimwuliza.

Alitazama maji. Tulipogusa unyayo hakusikia. Tulipobonyeza hakusikia. Ndipo akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu mwaka uliopita miguu yake ilikuwa kama si yake, na hakutaka kuwasumbua watu.

Ndugu msomaji, tulikuwa tumelala naye chumba kimoja siku zote hizo. Tulijua bei ya viatu, tulijua unene wa soli, lakini miguu ya dada yetu hatukuijua.

Shangazi alitaka sindano ya kushonea autoe mwiba. Tulimzuia kwa heshima. Asubuhi tulimpeleka dada hospitali mjini, wakautoa, wakasafisha kidonda na kumchoma sindano ya pepopunda. Muuguzi alitueleza kwa upole kwamba sukari isipodhibitiwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kupunguza damu inayofika huko. Mtu huumia asijue, kidonda huchelewa kupona, na kikiachwa kinaweza kumfikisha mahali pa kukatwa mguu.

Ushauri wetu kwa akina mama

Je, viatu hivi ni vibaya? La. Sisi wawili tunavivaa hata sasa, kwa kiasi. Lakini chukua haya.

Anza na nusu saa kwa siku, nyumbani na kwenye njia laini. Ongeza polepole kwa wiki nyingi. Maumivu ya misuli hupita, ila mfupa ukiuma, acha na umwone mganga.

Mwenye ugonjwa wa sukari, au yeyote aliyepoteza hisia za miguu, asivijaribu, wala asitembee peku hata ndani ya nyumba. Akague nyayo kila siku, kwa kioo au kwa msaada wa mtu, na akung'ute kiatu kabla ya kukivaa.

Usimwache mtoto akacheza pekupeku kwa kuwa umesikia ni afya. Minyoo ya safura huingia kwa kupenya ngozi ya mguu na kunyonya damu. Funza hukaa kwenye vumbi la sakafu na nyua zetu.

Tena si lazima ununue kitu cha ng'ambo. Kiatu bapa, kipana mbele, kisichobana, fundi wako wa mtaani anaweza kukushonea.

Siku ya kuondoka, kabla ya basi, tulipita sokoni Sumbawanga tukamnunulia shangazi raba zenye soli nene na soksi mbili za sufi. Alizivaa palepale, akakanyaga chini mara tatu kuzijaribu, akasema, “Hizi sasa ndizo viatu.”

Kidonda cha dada kilichukua wiki sita kufunga. Sasa anaishi karibu nasi, na kila jioni mmoja wetu hupitia kwake. Tunachemsha maji, tunaosha, tunakausha katikati ya vidole, tunatazama. Zamani alikuwa akificha miguu chini ya kanga. Siku hizi akituona mlangoni huinyoosha mwenyewe.

Mama msomaji, leo kabla ya kulala mwombe mama yako, mama mkwe au shangazi akuonyeshe nyayo zake. Huenda kuna jambo ambalo amekuwa akikufichia.