Kikaratasi cha 3306

"Khocha, huu ni mkeka wa nani?"

Duka lilikuwa linang'olewa mbao, hapa Kamukuywa, pale njia ya Kimilili inapoachana na ya Kitale. Mpwa wangu alikuta kikaratasi chini ya kioo cha kaunta: 192.168.1.2, kisha 3306, kisha 28800 iliyokatwa kwa wino mwekundu, na kando yake 300. Mwandiko ni wangu. Kijana amesomea kompyuta chuoni, lakini siku hizi nambari zozote zikipangwa hivyo ni kamari tu.

Duka lilikuwa la Mama Mbegu. Ukiingia mwezi wa tatu, dawa ya kupe ilikupiga puani kwanza, ndipo ukasikia chai ya tangawizi aliyoificha nyuma ya mifuko ya mbegu ya mahindi ya H614. Hakupima mbolea bila kukuuliza shamba ni ekari ngapi, na ukidanganya alijua.

Kompyuta alizileta 2007. La, M-Pesa ilianza Machi mwaka huo, na nakumbuka bango la kijani lilikuwa tayari ukutani, labda 2008. Haidhuru. Moja ilikaa stoo ikawa seva ya MySQL, nyingine kaunta. Katikati palikuwa na kiunganishi, ODBC, ambacho Mama Mbegu alikibatiza papo hapo: dalali. Madalali wa mahindi walisimama mlangoni pake kila siku, kwa hiyo hakuhitaji somo refu. Dalali huyu huambiwa mambo matano: anwani ya seva (ile 192.168.1.2), poti (3306), jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na neno la siri. Ukikosea moja, anarudi mikono mitupu.

Mvua ya kupanda iliponyesha, foleni ikafika barabarani. Mchana kaunta ikagoma: miunganisho imezidi. MySQL ya wakati ule iliruhusu 100, usipobadilisha. Sisi tulikuwa na mashine mbili! Seva huacha nafasi moja ya ziada kwa msimamizi, ya mia na moja, nami nikaingilia hapo. Orodha nzima ya miunganisho ilikuwa na neno moja: Sleep, yaani umelala. Programu, aliyoiuza fundi fulani wa mjini, ilifungua muunganisho kwa kila mauzo, isifunge hata mmoja. Na seva huvumilia aliyelala sekunde 28,800, yaani saa nane nzima. Mteja ameshafika Naitiri na mbolea yake, muunganisho wake bado unakoroma kaunta.

"Dalali gani huyu?" Mama Mbegu akasema. "Wa mahindi akishauza, humkuti amelala juu ya gunia langu."

Nikashusha hadi 300. Dawa yenyewe ilikuwa kurekebisha programu, lakini fundi alikuwa amezima simu.

Baadaye yakaja mambo ya wingu, seva ikahama stoo, sijui ikaenda wapi, na wauzaji wa duka hawakujua pia. Ikikwama, "sistimu iko chini." Zima, washa. Huwa inakubali, ndilo linaloniudhi: waliolala wamefukuzwa, na ushahidi umeondoka nao.

Mpwa wangu alisikiliza, kisha akauliza kama fundi yule alilipwa.

Nusu. Nusu ya pili Mama Mbegu alisema fundi ataichukua siku atakayojifunza kufunga mlango.