Jungu Si Majungu

Haya wandugu, nimerudi kampasi salama! Wiki nane za mazoezi ya kufundisha kule Ruvu, upande wa Kibaha, zimeisha. Nimekuwa mweusi ti kwa jua la kusubiri gari Mlandizi. Ya huko ni mengi, leo nawapa moja tu: neno jungu.

Kidato cha pili tulikuwa kwenye ukubwa wa nomino. Kikapu, kapu. Mtu, jitu. Nikauliza, chungu je? Kimya. Nikaandika ubaoni JUNGU. Darasa zima kicheko! Mmoja akasema, "Mwalimu, si hayo wanayopika watu wa maofisini?" Yaani majungu wanayajua, jungu lenyewe hawalijui.

Basi kipindi kikageukia huko. Neno hili lina ukoo wake jamani: chungu wingi wake vyungu, nyungu ni ile ile ya udongo, na jungu ndo kubwa lao. Sufuria ni mgeni kutoka Kiarabu, tena ni ya chuma, shaba au alumini. Halafu usichanganye chungu cha kupikia na dawa chungu, wala wale wadudu chungu, wala watu chungu nzima. Tahajia moja, maana kibao! Nyungu waliikumbuka wote, maana mwaka 2020 wakati wa korona wengi walifunikwa mablanketi wakajifukiza. Kuvunja jungu pia wanakujua, zile shamrashamra za kula kabla Ramadhani haijaingia. Na wazee wetu wamebaki na lao: jungu kuu halikosi ukoko.

Sasa jungu lenyewe lilikuwa jikoni pale pale shuleni. Mama mpishi ana sufuria la makande juu ya mafiga, mwiko kama kasia. Yeye huliita jungu. Wiki hizo kukawa na maneno kwamba anapunguza maharage anapeleka kwake. Aliyeona hayupo, ila kila mtu kaambiwa. Ikafika mahali kibarua chake kikawa mashakani, na ana wajukuu watatu anaowasomesha. Mwishowe likaletwa daftari la stoo, magunia yakahesabiwa moja moja. Hakuna kilichopungua. Wala hakuna aliyemwomba radhi.

Nikaenda jikoni. "Shikamoo mama, pole na yaliyokukuta." Akaitikia huku anakoroga, "Marahaba mwalimu wangu. Mimi jungu langu linashibisha watoto mia tatu kila siku. Ya kwao yamemshibisha nani?"

Nikakosa la kusema, nikamsogezea kuni.

Wenzangu wa ualimu, mnanielewa? Mwakani tunaingia kwenye ofisi za watu. Mishahara midogo, vipindi vingi, na saa za mapumziko lazima mtu apike kitu. Kwenye kamusi ni neno moja, umoja na wingi tu. Ila moja linaweka chakula mezani kwa mtoto, na lingine linaweza kukiondoa kwa wajukuu watatu. Chagueni mapema mtakuwa wapishi wa lipi.

Haya, naenda kupanga foleni ya kafeteria, nasikia leo pilau...