Kiboksi cha karata za mpwa wangu

Leo naomba niweke pembeni siasa na vikao vya madiwani. Wiki nzima kichwa changu kimejaa jambo moja dogo, dogo kiasi kwamba nilipomweleza mhariri wangu kwa simu alicheka mpaka akakohoa. Natafuta kiboksi. Kiboksi cha kuwekea karata 60.

Na si hizi karata zetu za kibarazani, za kopa, shupaza, uru na pau. (Majina hayo manne tumeachiwa na Wareno, pamoja na neno karata lenyewe na turufu. Sisi waandishi tunaandika "karata ya turufu" kila uchaguzi ukikaribia wala hatuwashukuru.) Za mpwa wangu ni za Pokémon, zile za kijinyama cha njano chenye mkia kama radi. Mchezo wenyewe ulianzia Japani mwaka 1996, lakini mtindo wake ulitangulia Marekani mwaka 1993, pale ulipotoka Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na mtu wa hesabu Richard Garfield. Tofauti na karata zetu ni hii. Kwenye zetu pakiti moja inawatosha watu wanne, na ikipotea unanunua nyingine inayofanana nayo kabisa. Kwenye hizi kila mchezaji anakuja na seti yake, karata 60, ambazo amezichagua mwenyewe kati ya alizonunua, alizopewa na alizobadilishana na wenzake. Karata ya jina moja hairuhusiwi kuzidi nne, isipokuwa zile za nguvu za kawaida. Kwa hiyo seti ya mtu haifanani na ya mwingine, na huwezi kwenda dukani ukasema nipe kama ile.

Ya mpwa wangu haipatikani dukani kwa sababu nyingine pia. Mama yake, dada yangu, yuko Muscat mwaka wa tatu sasa, kwenye kazi za nyumbani. Kila akisikia kuna mtu anarudi Tanzania anapenyeza kipakiti kwenye mzigo wa huyo mtu. Kipakiti kinafika Dar, kinapanda treni ya SGR, kinashuka Morogoro, kinamsubiri mtoto. Mtoto yuko bweni huko Mgeta, na shuleni simu hairuhusiwi. Kuongea na mama ni mpaka likizo. Ukimshikisha karata yoyote kati ya zile anakwambia hii ilikuja na nani, mwezi gani, na mama alisema nini kwenye ujumbe wa sauti uliofuatana nayo. Sasa mnaelewa kwa nini sikucheka na mhariri.

Na kwa nini ni mimi? Kwa sababu sisi ni Waluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na jambo likiharibika anaitwa mjomba. Baba yake yupo, tunaheshimiana, lakini mashtaka ya karata yaliletwa kwangu, mwezi Juni, mtoto aliposhuka kutoka mlimani kwa likizo na kumwaga seti yake mezani. Jamani! Karata zilikuwa zimejikunja kama mitumbwi. Ukigusa moja pembeni inacheza, nguu, nguu, nguu. Kadhaa zilikuwa na ukungu wa kijivu mgongoni. Na za ajabu zaidi ni zile zinazong'aa, ambazo ndizo anazozipenda na ndizo mama yake huzisifia. Hizo zilikuwa zimepinda kuliko zote.

Nikaanza kuuliza, ndiyo kazi yangu.

Karata ni tabaka za karatasi zilizogandishwa. Karatasi ni ya kunywa maji, hata maji ya hewani tu, na ikinywa inatanuka. Karata inayong'aa ina tabaka jembamba kama la foili upande mmoja. Foili hainywi. Upande mmoja unatanuka, mwingine umegoma, basi karata nzima inapinda. Hewa ikikauka karatasi inarudi, ila hairudi sawasawa kama ilivyokuwa. Kwa hiyo mtoto hakuzikalia wala hakuzikunja, kama bibi yake alivyodai. Zilikuwa zinavuta pumzi ya mlima.

Na pumzi ya mlima wetu mnaijua. Milima ya Uluguru inapokea hewa ya Bahari ya Hindi, hewa inapanda, inapoa, inaachia maji. Ndiyo maana upande wa mashariki, Kinole na Tegetero huko, mvua haiulizi ni mwezi gani. Maji hayohayo ndiyo yanayojaza Mto Ruvu na kwenda kunywewa Dar es Salaam. Mgeta iko upande wa magharibi, mvua yake ni nafuu, lakini kuna ukungu na kuna baridi. Watu wengi hawalijui hili: hewa ileile ya mchana, ikipoa usiku, inashindwa kubeba unyevu wake. Nguo zinaganda ubaridi, kurasa za daftari zinalegea. Karata za mpwa wangu zilikaa masika nzima, Machi mpaka Mei, ndani ya kile kiboksi cha karatasi walichokuja nacho, ndani ya tranka. Karatasi ndani ya karatasi.

Haya, kiboksi basi.

Nilipotazama kwenye intaneti nikakuta vya wenzetu. Viko vya plastiki ngumu, viko vyenye sumaku, viko vya ngozi. Sifa zinazotajwa ni kwamba kikianguka hakifunguki, na karata hazigongwi kona. Vizuri. Ila huko mtu anacheza sebuleni, kiboksi kinalala kwenye kabati. Na nauli ya kukileta ingezidi bei ya karata zenyewe. Isitoshe, weka kitu kinachometameta chenye sumaku kwenye bweni la wavulana 60 uone kama kitamaliza wiki.

Nikarudi sokoni, Soko Kuu la Chifu Kingalu, na rula mfukoni. Karata moja ni milimita 63 kwa 88. Ukizivisha vile vifuko vyake vyembamba vya nailoni (dada alishatuma) inakuwa kama 66 kwa 91, na zote 60 zikisimama pamoja zinachukua karibu sentimita 3 na nusu. Kwa hiyo ndani nahitaji 7 kwa 9 na nusu kwa 4, si chini ya hapo. Muuzaji mmoja aliponiona napima ndani ya vyombo vyake na rula akaniuliza, "Kaka, wewe ni wa TBS?"

Kopo la bati la biskuti lilinivutia kwanza, panya hawawezi kulitafuna. Na panya wa bwenini, niwaambie, hawajapita SUA kufundishwa na APOPO kunusa mabomu. Wanatafuna tu. Lakini bati linapoa haraka kuliko kitu chochote usiku, na asubuhi mfuniko ukifunguliwa ile hewa yenye joto la watu inakutana na bati baridi, linatoka jasho kwa ndani. Baadaye kutu. Hapana.

Kisanduku cha sabuni, kile cha plastiki cha kusafiria, ndicho alichopendekeza mtoto mwenyewe, kwa sababu kila mwanafunzi anacho na hakuna atakayekiiba. Hoja nzito hiyo, niliifikiria siku nzima. Kwa ukubwa kinakaribia kabisa. Lakini kona zake ni za mviringo, zinabonyeza kona za karata, na hakifungi, hewa inapita kama dirishani.

Halafu nikaenda kwa fundi seremala mmoja Mji Mpya. Hapa nakiri nilitaka sana. Kisanduku cha msaji, ule wa mashamba ya Mtibwa, kimepigwa msasa, mfuniko wa kusukuma. Na mbao ina tabia nzuri, inanywa unyevu hewa ikiloa na kuutoa hewa ikikauka, kwa hiyo kilichomo ndani hakishtuki. Fundi akanionyesha mbao aliyokuwa nayo, akaigonga kwa kucha, akasema, "Kaka, nisikudanganye, hii bado mbichi. Nikikuchongea leo, masika mfuniko utagoma." Mafundi wa namna hii wamebaki wachache. Nikamwambia anitunzie ikauke.

Jioni hiyo mama yangu, yaani bibi wa mtoto, akauliza swali ambalo mimi na rula yangu hatukuwa tumelifikiria.

"Hizi si kamari?"

Nikamwambia si kamari, hakuna pesa. Akasema, "Wewe unajua. Mwalimu wa zamu anajua?"

Na kweli. Kwetu mtoto akikutwa na karata, mtu mzima hasomi kilichoandikwa, anaona karata. Hata wenzetu walilumbana: Saudi Arabia mwaka 2001 mashehe walitoa fatwa ya kuupiga marufuku mchezo huu huu wa Pokémon, na kamari ilikuwa mojawapo ya hoja. Sasa mtoto awe na kisanduku kizuri cha mbao, kimefungwa, hakionekani ndani, kinapitishwa chini ya kitanda kwa kitanda. Wewe ungekuwa mwalimu ungewaza nini? Siku karata zile zikichomwa jalalani, nani ataenda kumwambia dada?

Kuanzia hapo uchaguzi ukawa mwepesi. Kiwe cheupe cha kuona ndani, mwalimu akikiinua tu aone vinyama na asione noti. Kiwe na mfuniko wa kubana pande nne, wenye mpira. Yaani kibakuli cha chakula, cha mstatili, kile kidogo ambacho wafanyakazi wa ofisini wanawekea maharage. Shilingi 4,000, tukapatana 3,500. Nilimwagia maji kwenye karai, nikaweka kipande cha gazeti la juzi ndani, nikafunga, nikakizamisha na jiwe juu saa nzima. Gazeti likatoka kavu. Ndani yake, habari yangu ya bei ya mbolea bado inasomeka.

Lakini chombo kisichopitisha hewa kina ujanja wake, na hili ndilo nililorudia kwa mtoto mpaka akachoka. Kikifungwa kwenye hewa yenye unyevu, unyevu umefungiwa ndani, na ukungu unastawi kwa raha zake. Kwa hiyo tulizifungasha karata huku mjini, mwanzoni mwa Julai, saa nane mchana, jua limewaka na hewa kavu. Tukaweka na vile vipakiti vyeupe vya punje vinavyokaa kwenye boksi la viatu vipya, vilivyoandikwa usile. Kazi yake ni kunyonya unyevu. Nilivikusanya kwa wauza viatu watatu, wakaniona nina matatizo. Vina mwisho, vikishashiba havinyonyi tena, kwa hiyo nimempa na vya akiba kwenye chupa ndogo iliyofungwa. Kule bwenini afungue mchana, acheze, afunge mchana. Usiku wa ukungu asiguse.

Tukampigia dada tumwonyeshe. Akatazama kibakuli kwenye simu, kimya kidogo, kisha akasema, "Mimi nimewaletea vitu vya Ulaya, nyie mmeviweka kwenye bakuli la maharage?" Halafu akacheka, na mtoto akacheka, na mimi nikapumua.

Likabaki suala la zile zinazong'aa, tisa. Mimi nilitaka zibaki nyumbani, zisubiri kisanduku cha msaji. Mtoto akasema seti bila hizo si seti, na mama hakuzituma zikae kwa bibi. Tulivutana siku mbili. Uamuzi wa mjomba una uzito, lakini mjomba mwenye akili anajua pa kuutumia. Zimepanda zote, 60, pamoja na zile zilizopinda, ambazo tulizilaza wiki nzima chini ya kamusi na zikanyooka kiasi. Gari la Mgeta lilikuwa linarudi tupu baada ya kushusha kabichi, tranka likawekwa katikati, kibakuli kimezungushiwa blanketi ndani yake. Nimemwandikia na mwalimu wa bweni barua ya nusu ukurasa kueleza mchezo wenyewe ni nini, na kwamba hauna pesa. Hajajibu.

Likizo fupi ni Septemba. Rula na meza vipo tayari, tutapima zimepinda milimita ngapi.